Usukani Umekaa Upande Baada ya Kubadilisha Tairodi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gari limetoka gereji. Tairodi, yaani fimbo zinazosukuma magurudumu ya mbele, ni mpya, kipande cha ndani (rakendi) na cha nje (tairodi endi), na ule mgongano uliokuwa ukisikika kila ukipita kwenye mashimo umekwisha. Unaingia barabara kuu, gari linakwenda moja kwa moja, lakini nembo ya katikati ya usukani imeinamia kushoto. Ukiunyoosha usukani kwa mkono, gari linahama njia. Maswali ya chini ndiyo ambayo wenye magari huuliza wakifika hapo. Majibu yanahusu zaidi magari madogo yenye raki, yaani IST, Vitz, Corolla, Premio, Probox na ndugu zao. Magari yenye boksi la usukani badala ya raki yana swali lao karibu na mwisho.

Kwa nini usukani umekaa upande ilhali gari linanyooka?

Kwa sababu tairodi mbili za gari lako hazilingani tena urefu. Raki ni chuma kilicholala kati ya magurudumu mawili ya mbele. Ukizungusha usukani, kinasogea kushoto au kulia, na kila ncha yake inasukuma gurudumu kupitia rakendi na tairodi endi. Tairodi ya upande mmoja ikirefuka na ya pili ikabaki au kufupika, magurudumu yatatafuta kunyooka yenyewe ukiwa barabarani, na raki italazimika kukaa kando ya katikati yake. Usukani umeungwa na raki, kwa hiyo nao unakwenda kando.

Kipuri kipya ndicho kinacholeta hali hii mara nyingi. Hata kama fundi alihesabu vizuri nyuzi, ile mikato ya skrubu inayofungia tairodi endi kwenye rakendi, tairodi endi mpya inaweza kutofautiana na ya zamani kwa milimita mbili au tatu, hasa ikiwa si ya kampuni iliyotengeneza gari. Milimita mbili ukizitazama mezani ni kitu kidogo sana, lakini kwenye usukani zinaonekana wazi.

Kukaa upande na kuvuta ni kitu kimoja?

Hapana, na ukivichanganya utalipia kazi usiyoihitaji. Usukani uliokaa upande unapinda huku gari linakwenda lilikoelekezwa. Gari linalovuta, ukilegeza mikono, linaanza kuelekea upande mmoja lenyewe.

Gari likivuta, anza na upepo wa matairi. Kisha badilishana matairi mawili ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto, ukague tena. Mvuto ukihamia upande wa pili, shida ni tairi. Ukibaki palepale, gusa rimu baada ya safari fupi. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, breki ya upande huo imenata. Baada ya hapo ndipo uwaze kemba na kasta, yaani jinsi gurudumu linavyolala ndani au nje, na jinsi mhimili wake wa kugeukia unavyolala mbele au nyuma.

Kumbuka pia kwamba sisi tunaendesha kushoto, na barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni. Gari zima kabisa linaweza kuteremkia kushoto taratibu. Kabla ya kulaumu fundi, tafuta kipande cha barabara kilicho tambarare ulijaribu hapo.

Fundi anasema atatoa usukani ahamishe meno, yaani aurudishe jino moja au mawili kando kwenye shafti yake, dakika kumi tu. Nikubali?

Usikubali. Ningependa jibu hili lisomwe kuliko mengine yote hapa.

Gari langu mwenyewe lilifanyiwa hivyo. Nilibadilisha tairodi zote mbili kwenye gereji moja ya mtaani, usukani ukainamia kushoto, nikarudi kulalamika. Fundi aliufungua usukani, akausogeza meno mawili, akaufunga, na kweli ukanyooka. Niliondoka nikishukuru. Wiki mbili baadaye niliona kwamba kukata kushoto kunagota mapema kuliko kukata kulia, na nikipitisha kiganja juu ya tairi la mbele nakutana na meno kama ya msumeno. Nikapiga magoti na tochi kuangalia chini. Upande wa kushoto nyuzi za rakendi zilizokuwa wazi nje ya lokinati, nati inayofungia tairodi endi, zilikuwa 13. Upande wa kulia zilikuwa 9. Ubaya wote ulikuwa umebaki palepale, na usukani ulionyooka ulikuwa umeufunika tu.

Ndiyo hasara ya kwanza ya kuhamisha meno: macho yako yanapata raha, matairi yanaendelea kulika. Ya pili ni kwamba raki haikai katikati unapokwenda moja kwa moja, kwa hiyo gari linakata zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Utaliona hilo ukigeuza kwenye uchochoro mwembamba.

Ya tatu ni ya usalama. Nyuma ya usukani wenye eabegi kuna utepe wa umeme uliojikunja kama mkeka, mafundi huuita spairo kebo. Huo ndio unaopeleka umeme kwenye eabegi na honi huku usukani ukizunguka. Katika Toyota nyingi unaruhusu mizunguko miwili na nusu hivi kila upande kutoka katikati yake. Usukani ukiwa umetolewa na mtu akauzungusha utepe huo bila kujua, siku utakapokata kona hadi mwisho utakatika. Taa ya eabegi itawaka, honi itanyamaza, na eabegi yenyewe haitafumuka siku ya ajali. Kwa sababu hiyohiyo, yeyote anayefungua usukani wa aina hiyo lazima kwanza azime gari, atoe waya hasi wa betri na asubiri. Maelekezo ya Toyota ni angalau sekunde 90. Fundi anayeanza kufungua bila hata kugusa boneti, msimamishe hapohapo.

Kuhamisha meno hakufai kamwe?

Kunafaa iwapo meno ndiyo yaliyokosewa. Kama shafti ya usukani ilitenganishwa na raki, kwa mfano wakati wa kubadilisha raki au kushusha injini, halafu ikarudishwa jino moja kando, basi tairodi hazina kosa na kuzigusa ni kuongeza kosa la pili. Kwenye kiungo chenye meno 36, jino moja ni digrii 10 za usukani. Dalili yake ni kwamba nyuzi za kushoto na kulia zinalingana, lakini usukani umepinda. Hapo kosa linarekebishwa kwenye kiungo kilekile kilichofunguliwa, na usukani wenyewe unaachwa ulipo.

Basi unanyooshwaje kwa njia sahihi?

Chini ya gari, kwenye tairodi zote mbili, kwa kiasi sawa na kwa mwelekeo unaopingana. Unachorefusha upande huu ndicho unachofupisha upande ule. Ukifanya hivyo, tou, yaani jinsi ncha za mbele za matairi zinavyotazamana, haibadiliki. Raki tu ndiyo inayorudi katikati, na usukani unaifuata.

Upi urefushwe? Lala chini uangalie raki iko wapi. Katika magari mengi madogo yanayovuta kwa magurudumu ya mbele, raki imelala nyuma ya mstari wa katikati wa magurudumu. Kwa gari la namna hiyo, usukani ukiinamia kushoto unapokwenda moja kwa moja, fupisha tairodi ya kushoto na urefushe ya kulia. Ukiinamia kulia, geuza. Raki ikiwa mbele ya mstari huo, kila kitu kinakuwa kinyume. Kushoto na kulia hapa ni kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha dereva akitazama mbele, maana aliyelala chini ya gari akiangalia nyuma huchanganyikiwa upesi.

Kiasi gani? Rakendi nyingi zina nyuzi za milimita 1.5, maana yake mzunguko mmoja kamili unarefusha au kufupisha tairodi kwa milimita 1.5. Kwenye usukani wa gari dogo, mzunguko mmoja kila upande unaleta digrii 10 hivi. Usukani ulioinama digrii 20 utahitaji takribani mizunguko miwili kila upande. Weka alama ya chokaa au rangi kwenye rakendi kabla ya kuanza, fanya mzunguko mmoja kwanza, endesha, uone umebaki kiasi gani. Hesabu yako mwenyewe ya gari lako ni bora kuliko hii yangu.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa haraka hulisahau, na gharama yake ni kubwa. Raba ya raki, ile yenye mikunjo kama kodiani, imeshika kwenye rakendi kwa kibanio kidogo upande wa nje. Kibanio kisipolegezwa, rakendi inapozunguka inaizungusha raba pia. Inajisokota kama nguo inayokamuliwa, na baada ya wiki chache inapasuka. Vumbi na maji ya mvua yanaingia kwenye raki, kutu inaanza, na sasa hadithi si ya tairodi tena bali ya raki nzima. Legeza kibanio, paka grisi kidogo mahali raba inapogusa chuma, zungusha, kisha hakikisha mikunjo imekaa sawasawa kabla ya kubana.

Nimebadilisha upande mmoja tu. Nirekebishe huohuo?

Kama vipimo vya zamani vilikuwa sahihi na ulichobadilisha ni tairodi endi moja, kosa lote liko upande huo. Ukilirekebisha hapo, tou na usukani vinarudi pamoja. Tatizo ni kwamba si wengi wetu tuna uhakika kwamba vipimo vya zamani vilikuwa sahihi. Gari lililonunuliwa mkononi limepita kwa mafundi wengi. Pima tou kwanza, ndipo uamue.

Fundi alihesabu mizunguko alipotoa ya zamani. Hiyo haitoshi?

Inatosha kukufikisha kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa kwa magurudumu kwa mashine, bila kuumiza matairi. Kumaliza kazi haitoshi. Njia bora ni kupima kutoka kwenye lokinati hadi katikati ya mpira wa tairodi endi ya zamani, kisha kuifunga mpya kwa kipimo hichohicho, maana kuhesabu mizunguko kunachukulia kwamba vipuri viwili vina urefu mmoja. Ukimaliza, linganisha nyuzi zilizo wazi kushoto na kulia. Tofauti ya uzi mmoja si kitu. Ikifika nyuzi tatu au nne, kuna kitu kimepinda au mtu amewahi kuficha kosa.

Naweza kupima tou mwenyewe nyumbani?

Unaweza, na kamba ya nailoni, rula na subira. Sakafu iwe tambarare na upepo wa matairi uwe sawa. Sukuma gari mbele mita chache liishie hapo bila kurudi nyuma, usukani ukiwa umenyooka na umefungwa usisogee. Vuta kamba mbili kutoka nyuma hadi mbele, moja kila ubavu, zipite usawa wa katikati ya magurudumu. Kamba zote mbili ziwe sambamba: umbali kati yake mbele ya gari ulingane na umbali kati yake nyuma, na kila moja iwe mbali sawa na kitovu cha gurudumu la upande wake. Vitovu vya mbele na vya nyuma havilazimiki kulingana, kwa sababu magari mengi yana upana tofauti mbele na nyuma. Watu wengi hukosea hapa.

Sasa pima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma wa rimu ileile. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na kamba, gurudumu limeingia ndani. Ukiwa karibu zaidi, limetoka nje. Katika magari mengi ya aina hii kiwango ni karibu na sifuri, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Usirekebishe gari likiwa juu ya jeki ukadhani umepima. Magurudumu yakining'inia, tou inabadilika. Kila baada ya kurekebisha, shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache, ndipo upime tena. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi.

Nikienda kwenye mashine ya alaimenti, niangalie nini?

Angalia kama fundi anakagua kabla ya kufunga vichwa vya mashine kwenye magurudumu: upepo, mlegeo wa beringi, boljointi, bushi. Kupima gari lenye kiungo kilicholegea ni kupoteza hela, kwa sababu vipimo vitahama ukipita shimo la kwanza.

Kisha angalia usukani. Kwa gari lenye pawa stelingi ya mafuta, injini inawashwa, usukani unazungushwa kidogo kushoto na kulia mara kadhaa utulie, unanyooshwa, ndipo unafungwa kwa kishikizo kati ya kiti na usukani. Nimeona kishikizo kikifungwa usukani ukiwa umeinama digrii tano. Mashine ilionyesha kijani kila mahali, na gari likatoka limepinda vilevile. Chungulia ndani mwenyewe kabla tairodi hazijaguswa. Ukiona umeinama, sema kwa heshima, fundi mzuri hachukii.

Sisitiza na magurudumu ya nyuma yapimwe. Gari linafuata linakosukumwa na mhimili wa nyuma. Kama mhimili umepinda kwa kugonga ukingo wa barabara, mbele patanyooshwa mara kumi na usukani utarudi kupinda, kwa sababu gari linatembea kiubavu kama kaa. Magari kama Vitz na IST hayana mahali pa kurekebisha tou ya nyuma, kwa hiyo kazi inakuwa ya kukagua kilichopinda. Mwisho omba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, uitunze kwenye gari.

Nimebadilisha raki nzima. Nianzie wapi?

Kwenye katikati ya raki. Kabla ya kuunga shafti, izungushe raki mpya kutoka mwisho hadi mwisho, hesabu mizunguko, irudishe nusu yake kamili. Usukani nao uwe umenyooka na umefungwa, usizunguke peke yake ukaharibu spairo kebo. Ndipo uunge shafti, ufunge tairodi kwa urefu unaolingana kushoto na kulia, na uende alaimenti. Raki yoyote mpya au ya mtumba inataka alaimenti siku hiyohiyo.

Baada ya kunyooshwa, taa imewaka kwenye dashibodi.

Magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza yana sensa inayojua usukani uko wapi. Ikiona usukani umepinda huku gari likienda moja kwa moja, inaweza kuwasha taa au kubana breki pasipohitajika. Baada ya kunyoosha, sensa hiyo huenda ikahitaji kuelekezwa upya katikati kwa mashine ya uchunguzi. Pawa stelingi ya umeme pia ina sifuri yake inayowekwa kwa mashine hiyohiyo. Kutoa waya wa betri ili taa izime si matengenezo.

Gari langu ni Land Cruiser yenye ekseli ngumu mbele, yaani chuma kimoja kinachobeba magurudumu yote mawili. Ni vilevile?

Hapana, na kwako ni rahisi zaidi. Kuna fimbo mbili. Ile ndefu inayounganisha magurudumu mawili inaweka tou. Ile inayotoka kwenye mkono wa boksi la usukani kwenda kwenye gurudumu ndiyo inayoweka usukani katikati. Legeza vibanio vya hiyo ya pili, izungushe kidogo kidogo hadi usukani unyooke, na tou haitaguswa. Boksi nalo lina katikati yake, kwa hiyo hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho kwanza.

Ni vipuri gani vikibadilishwa lazima nipige alaimenti?

Tairodi endi, rakendi, raki, ami ya chini na bushi zake, boljointi, na shokapu za mbele zilizoshikana na nako, chuma kinachobeba gurudumu. Stabilaiza linki haihitaji. Pedi za breki hazihitaji.

Balansi je?

Ni kazi nyingine. Balansi inaondoa mtetemo wa usukani ukiwa kasi. Haiwezi kuunyoosha.

Kuna ubaya gani nikiendesha hivyohivyo mwezi mmoja?

Inategemea kosa liko kwenye usukani tu au na kwenye tou pia, na kwa macho huwezi kujua. Tuseme tou imekosewa milimita 6 kwa jumla, milimita 3 kila tairi, na tairi lina kipenyo cha milimita 600. Hapo kila tairi linakokotwa kando mita 5 katika kila kilomita moja. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190, kwa hiyo kila tairi la mbele litakuwa limesuguliwa kiubavu kwenye lami karibu kilomita nzima. Ukiendelea hivyo, ukingo mmoja wa tairi utalika haraka kuliko kawaida.

Matairi si wasiwasi wangu mkubwa, hata hivyo. Usukani uliopinda ghafla, ambao jana ulikuwa umenyooka, ni sababu ya kusimama. Washa taa za hadhari, kaa pembeni, chungulia. Lokinati imekaza? Nati ya tairodi endi ina pini yake iliyokunjwa? Nati yenye vijia vya pini hukazwa kwanza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, na tundu lisipolingana inakazwa mbele kidogo hadi lilingane. Hailegezwi kurudi nyuma. Pini ikikosekana, usitie waya uliookotwa ukaendelea na safari. Gari lisiondoke hapo mpaka pini mpya imeingia na kukunjwa.